Msongo, Mkondo na Chaji: Istilahi za Umeme wa Magari na Maana ya Neno "Kawaida"

Katika kazi ya kukuza istilahi, aghalabu hudhaniwa kwamba taabu iko katika mambo yasiyo na majina. Mwenye kufanya kazi hiyo kwa muda hutambua kwamba taabu kubwa zaidi huwa pale ambapo jina moja limebebeshwa mambo mengi, na kila mtu akaamini kuwa ameelewa. Umeme wa magari ni mfano ulio wazi. Makala haya yanakusudia kueleza jambo moja katika uwanja huo, nalo ni kupanda na kushuka kwa msongo wa umeme katika mfumo wa kuchaji wa gari. Tutaonyesha kwamba sehemu kubwa ya kupanda na kushuka huko ni ya kawaida kabisa, na kwamba asiyetenganisha maneno yake hataweza kutenganisha gari zima na gari bovu.

Tumechagua kulitazama jambo hili kutoka Tunduma. Mji huo umo katika Mkoa wa Songwe, mkoa ulioanzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya. Hapo ndipo barabara kuu itokayo Dar es Salaam inapoufikia mpaka wa Zambia baada ya safari ya zaidi ya kilomita 900, na reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa kwa nchi hizi mbili mwaka 1976, hupita hapo hapo. Upande wa pili ni Nakonde. Tangu mwaka 2019 taratibu za mpakani hufanywa katika kituo cha huduma kwa pamoja. Malori yaendayo Zambia na Kongo husimama hapo, na madereva, mafundi, mawakala wa forodha na watumishi wa serikali hukutana wakiwa na lugha za nyumbani mbalimbali: Kinyamwanga, Kinyiha, Kibemba na nyinginezo. Wote hao wanapotaka kuelewana kuhusu gari, Kiswahili huwa chombo chao. Kama chombo hicho kina ufa, mahali kama hapo ndipo ufa unapoonekana.

Neno moja, mambo manne

Tuanze na neno lenyewe, "chaji". Mtu asemapo "simu yangu haina chaji", ana maana ya akiba ya umeme iliyomo ndani ya betri. Asemapo "ninachaji betri", ana maana ya kitendo cha kuijaza. Fundi asemapo "altaneta inatoa chaji ndogo", huenda ana maana ya wingi wa umeme unaopita katika waya, na huenda ana maana ya nguvu inayousukuma umeme huo, kwa kuwa chombo alichoshika mkononi hupima nguvu hiyo. Hapo neno moja limebeba mambo manne, na mawili ya mwisho, kama tutakavyoona, huweza kwenda kinyume: moja likipanda, jingine likishuka.

Neno "umeme" lina hali hiyo hiyo, na neno "moto" nalo halikubaki nyuma. Gereji husikika "betri haina moto" na "waya wa moto", yaani waya wenye umeme. Msemo huu wa pili umekomaa katika usemi wa mafundi, wala hatuna sababu ya kuupiga vita. Walakini mfasiri wa kitabu cha maelekezo ya gari hana budi kukumbuka kwamba msomaji asiye fundi akikuta "waya wa moto" anaweza kufikiri kwamba waya unaungua.

Kwa upande wa maneno ya kitaalamu, Kiswahili hakina upungufu. Kiasi cha umeme unaopita katika waya kwa muda fulani huitwa "mkondo", na kipimo chake ni ampea. Neno hili limetoka majini, kwenye mkondo wa mto na wa bahari, nalo limeafiki vizuri. Nguvu inayousukuma mkondo upite huitwa "volteji" katika vitabu vya shule. Katika habari za usambazaji wa umeme nguvu hiyo huitwa "msongo". Katika maelezo ya mradi wa kuunganisha gridi ya Tanzania na ya Zambia, ambao njia yake hutoka Iringa na kupita Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga, husomwa "njia ya msongo wa kilovoti 400". Kipimo ni volti, jina lililotokana na Alessandro Volta wa Italia aliyetangaza betri yake mwaka 1800. Hali ya waya au kifaa kuuzuia mkondo huitwa "ukinzani", na kipimo chake ni omu.

Katika makala haya tutatumia "msongo". Tumelipenda neno hili kwa kuwa limetokana na kitenzi "songa", chenye maana ya kubana na kusukuma, na kwa hiyo hujieleza lenyewe. Mwalimu aliyezoea "volteji" hajakosea. Kosa ni kuuita msongo "chaji".

Kazi ya mfumo wa kuchaji

Mfumo wa kuchaji wa gari una sehemu kuu tatu. Ya kwanza ni betri. Betri ya gari dogo huwa na vyumba sita, na kila chumba kikiwa kimejaa hutoa volti 2.1 hivi, ndiyo maana betri tunayoiita "ya volti 12", ikiwa imejaa na imetulia, husoma volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma 12.2 imebaki na karibu nusu ya akiba yake. Ikishuka chini ya 12.0 iko karibu kuisha. Lori kubwa huwa na betri mbili zilizounganishwa kwa mfuatano, hivyo msongo wake ni wa volti 24, na tarakimu zote tulizotaja huzidishwa mara mbili.

Sehemu ya pili ni altaneta. Hii huzungushwa na injini kwa mkanda, nayo huzalisha mkondo geu, yaani mkondo unaogeuza mwelekeo wake mara kwa mara. Kwa kuwa betri haiwezi kujazwa kwa mkondo wa namna hiyo, ndani ya altaneta mna diodi, ambazo huuruhusu mkondo upite upande mmoja tu.

Sehemu ya tatu ni reguleta, ambayo tunaweza kuiita pia "kidhibiti msongo". Injini huzunguka polepole gari lisimamapo na kwa kasi lipandapo mlima. Altaneta ikiachwa bila udhibiti, msongo wake ungefuata mwendo wa injini na kuunguza kila kitu. Reguleta huupima msongo wakati wote, ikiuongeza unapopungua na kuupunguza unapozidi. Katika gari dogo la kawaida huuweka kati ya volti 13.8 na 14.7 hivi, na katika lori kati ya 27.6 na 29 hivi. Ni lazima msongo huo uzidi ule wa betri iliyojaa, kwa sababu umeme hauingii betrini pasipo kusukumwa.

Kutokana na maelezo haya yafaa tuzingatie jambo moja. Reguleta hufanya kazi kwa kusahihisha bila kukoma. Kwa hiyo msongo uliotulia kwenye namba moja, asubuhi hadi jioni, taa zikiwashwa na kuzimwa, haumo katika gari la kawaida. Namba ya kawaida ni mpaka wa chini na mpaka wa juu, na uhai wa mfumo ni kutembea kati ya mipaka hiyo. Wasomaji wetu wanaijua presha ya damu: hupanda mtu akikimbia na kushuka akilala, wala daktari hamwandikii dawa kwa sababu hiyo. Daktari hutazama kama imevuka mpaka na ikakaa huko.

Kupanda na kushuka kulio kwa kawaida

Tuseme lori limefika Tunduma usiku na kukaa kwenye foleni. Injini imezimwa, lakini redio inalia, taa ya ndani inawaka, na simu zinachajiwa. Alfajiri dereva anageuza ufunguo. Kwa muda mfupi ambao stata inazungusha injini, msongo huanguka sana. Katika mfumo wa volti 12 huweza kufika karibu na 10, na katika lori karibu na 20. Stata hudai mkondo mkubwa kuliko kifaa kingine chochote cha gari, na anguko hilo ni la kutarajiwa. Betri iliyo nzima hurudi mara moja baada ya injini kuwaka.

Linalofuata ndilo lenye kuwachanganya watu. Injini ikishawaka, betri iliyopungukiwa huvuta mkondo mkubwa kutoka kwenye altaneta. Wakati huo msongo huweza kuwa chini kidogo, tuseme volti 26.8 katika lori hilo. Betri inavyojaa, mkondo hupungua na msongo hupanda taratibu hadi reguleta iuzuie. Kwa maneno mengine, wakati betri inapopokea umeme mwingi zaidi ndipo msongo unapoweza kuwa mdogo zaidi. Sasa fundi akisoma 26.8 na kusema "chaji ni ndogo", na saa moja baadaye akasoma 28.2 na kusema "chaji imepanda", amesema kinyume cha yanayotokea ndani ya betri. Mkondo ulikuwa mkubwa mwanzo, nao umepungua baadaye. Chombo chake hakikudanganya. Neno ndilo lililodanganya, na mwenye lori anaweza kununua altaneta asiyoihitaji.

Sababu ya pili ni matumizi. Gari likiwa linanguruma pasipo kwenda, hali ambayo mafundi huiita "sailensi", altaneta huzunguka polepole. Dereva akiwasha taa kubwa, waipa na feni kwa pamoja, msongo hushuka kidogo na taa hufifia kwa nukta moja. Akikanyaga mafuta, hurudi. Kushuka huko kukikoma mara mwendo uongezekapo, mfumo ni mzima.

Sababu ya tatu ni hali ya hewa. Betri iliyo katika baridi hupokea umeme kwa shida, na huhitaji msongo mkubwa kidogo. Betri ya moto huhitaji msongo mdogo, la sivyo maji yake huchemka. Kwa ajili hiyo reguleta nyingi zimetengenezwa zipandishe msongo penye baridi na kuushusha penye joto. Tunduma iko katika nyanda za juu, na asubuhi za Juni na Julai huko ni baridi kali ukilinganisha na Dar es Salaam. Lori lililosoma 27.9 likiwa pwani mchana, likasoma 28.5 alfajiri mpakani, halikuharibika njiani. Limebadilisha hali ya hewa.

Sababu ya nne ni ya magari ya miaka ya karibuni. Katika mengi ya hayo altaneta huamrishwa na kompyuta ya gari. Kompyuta huushusha msongo hadi volti 12 na nusu hivi gari linapoongeza mwendo, ili kuipunguzia injini mzigo na kuokoa mafuta, kisha huupandisha hadi karibu 15 gari linapopunguza mwendo. Fundi aliyejifunza kwa magari ya zamani akiona hayo huapa kwamba reguleta imekufa. Hapo hana budi kusoma kitabu cha gari lenyewe, na kitabu hicho hakitamsaidia kama kimefasiriwa kwa maneno yasiyotofautisha msongo na chaji.

Hitilafu na dalili zake

Tukisema kwamba kupanda na kushuka ni kwa kawaida, hatusemi kwamba kila kupanda na kushuka kusamehewe. Kuna dalili ambazo hazina mjadala. Gari la kawaida la volti 12 likisoma zaidi ya volti 15 na kubaki huko, reguleta haizuii tena. Maji ya betri yatachemka na kupungua, harufu kama ya yai bovu itasikika, na globu zitaungua moja baada ya nyingine. Ni hatari pia kwa sababu betri inayochajiwa kupita kiasi hutoa haidrojeni kwa wingi, gesi ambayo hulipuka kwa cheche ndogo. Mtu asiisogelee kwa sigara wala kiberiti.

Kwa upande mwingine, injini ikiwa katika mwendo wa wastani na msongo ukabaki chini ya 12.6 katika gari la kawaida, altaneta haichangii chochote na gari linakula akiba ya betri. Taa zikimwekamweka kwa haraka hata mwendo ukiongezwa, tuhuma ni diodi iliyokufa, waya uliolegea au mkanda unaoteleza. Ikumbukwe kwamba vichwa vya betri vilivyoota ukungu huongeza ukinzani. Altaneta ikawa nzima na betri ikawa nzima, lakini kati yao pana kizuizi. Kuvisafisha na kuvikaza ni kazi ya dakika chache, nayo yapaswa kutangulia ununuzi wowote.

Lipo pia tatizo lisiloonekana katika namba ya jumla. Baadhi ya madereva huunganisha redio ya volti 12 kwenye betri moja tu kati ya mbili za lori. Betri hiyo hupungua na mwenzake hubaki imejaa. Altaneta hupima zote mbili kwa pamoja, ikaona volti 28 na kuridhika, kumbe moja inasukumwa kupita kiasi na nyingine haishibi. Hapa namba ya kawaida imeficha hitilafu, na dawa ni kupima kila betri peke yake.

Tutaje mwisho taa nyekundu yenye picha ya betri kwenye dashibodi. Wengi huifasiri "taa ya betri", na dereva aionapo ikiwaka safarini huenda kununua betri. Taa hiyo huonya kwamba mfumo wa kuchaji haufanyi kazi ipasavyo. Mara nyingi kasoro iko kwenye mkanda, altaneta au waya. Betri mpya itampeleka kilomita kadhaa, kisha atasimama tena.

Mapendekezo

Kwa kuwa tafsiri, masomo na maandishi ya ofisini ndiyo yanayoueneza usemi sanifu, tunatoa mapendekezo yafuatayo.

(a) "Chaji" ibaki na maana mbili ilizokwisha kuzizoea jamii: akiba ya umeme iliyomo betrini, na kitendo cha kuijaza. Isitumiwe badala ya msongo wala mkondo.

(b) Kila namba iandikwe pamoja na kipimo chake. "Chaji ni 13" ni sentensi isiyo na maana. "Msongo ni volti 13, injini ikiwa sailensi, taa zikiwa zimewashwa" ni taarifa.

(c) "Kupanda na kushuka kwa msongo" kutumiwe kwa mabadiliko yoyote, bila kuyahukumu. "Kuyumba" kuhifadhiwe kwa mabadiliko yasiyo na mpangilio, kwa kuwa neno hilo, lisemwapo juu ya mlevi au juu ya jahazi, tayari lina hofu ya kuanguka. "Hitilafu" kutumiwe pale tu ambapo mpaka umevukwa au kazi imeharibika. Mfasiri anayeandika "kuyumba" mahali ambapo mwandishi wa asili alieleza jambo la kawaida, amelitia gari ugonjwa ambao halina.

(d) "Altaneta", "reguleta" na "diodi" yaendelee kutumika. Maneno hayo yamekwisha ingia mikononi mwa mafundi, na neno lililo mkononi mwa fundi lina haki kubwa kuliko lile lililo katika orodha tu. "Kidhibiti msongo" liwekwe kando ya "reguleta" katika vitabu vya mafunzo, kwa kuwa humweleza mwanafunzi kazi ya kifaa.

(e) "Taa ya betri" ibadilishwe kuwa "taa ya onyo la mfumo wa kuchaji".

Huenda mtumishi wa serikali akauliza mambo haya yanamhusu nini, naye si fundi. Yanamhusu kwa sababu yeye ndiye atiaye saini. Ombi la matengenezo likimfikia likiwa limeandikwa "chaji inapanda na kushuka, inahitajika altaneta mpya", hana njia ya kujua kama anaidhinisha matengenezo ya lazima au anatupa fedha ya umma kwa gari lililobadilisha hali ya hewa tu. Likimfikia likiwa na msongo kwa volti, hali ya injini wakati wa kupima, na hali ya vichwa vya betri, anaweza kuuliza swali la maana hata kama hajawahi kushika spana. Mwalimu wa ufundi naye, akiwafundisha wanafunzi wake kutaja kwanza wanapima nini kabla ya kusoma namba, atakuwa amewapa kinga dhidi ya makosa mengi ambayo vifaa bora zaidi havitaweza kuyazuia.

Tangu Baraza lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, kazi ya istilahi imekuwa ikielezwa kuwa ni kuiwezesha lugha kubeba maarifa ya kisasa. Tungependa kuongeza kwamba lugha hubeba maarifa hayo pale neno linapomsaidia mtu kuamua. Dereva aliyesimama mpakani alfajiri, kilomita mia tisa kutoka bandarini, anahitaji kuamua kama aendelee na safari au atoe fedha mfukoni. Akiwa na neno "msongo" na neno "mkondo", na akijua kwamba kawaida ina mipaka miwili, ataamua vema.